Albamu tano na sanduku la viatu: uchambuzi wa kisa cha kuuza stempu za utotoni

Kisa chenyewe

Mwanamume wa miaka 46 anahamia nyumba ndogo kuliko anayokaa sasa. Juu ya kabati kuna albamu 5 za stempu. Alianza kuzikusanya akiwa na miaka 8, akaacha akiwa na 16, na tangu hapo hazijafunguliwa zaidi ya mara tatu nne. Kwa kukadiria kurasa, ndani mna stempu 4,200 hivi. Kando yake kuna sanduku la viatu lenye bahasha nzima 140, karibu zote za babu yake, baharia aliyekuwa akimwandikia bibi kutoka kila bandari meli ilipotia nanga. Babu alimkabidhi mjukuu sanduku hilo kwa mdomo tu: kata stempu, tia kwenye albamu. Mjukuu hakukata hata moja. Yeye alipenda vipepeo na roketi, na bahasha hizi zilikuwa na sura za wafalme na mihuri iliyopakaa.

Sasa amekuja mnunuzi. Amefunua albamu kwa dakika 20, sanduku akalitazama juu juu, akataja bei moja ya kila kitu na kuomba jibu kabla ya Jumamosi. Mke anaona hiyo ni bahati. Dada ameuliza swali moja tu: "Na barua za babu nazo?" Mwenye mali mwenyewe hajui la kusema, anajua tu kwamba bei ile imemuuma, na hawezi kueleza imemuuma kwa sababu ni ndogo au kwa sababu ni bei.

Kisa hiki hakimhusu mtu mmoja. Kimeshonwa kwa vipande vya hali zinazojirudia kila mkusanyiko wa utotoni unaposhushwa kabatini, na hesabu zake ni za mfano. Makosa yanayotajwa humu, hata hivyo, hufanyika kweli, na mengi yake hayana dawa yakishatokea.

Kwa kawaida anayeuziwa mbuzi kwenye gunia ni mnunuzi. Hapa muuzaji ndiye hajui gunia lake lina nini.

Anauza kwa nini?

Ukimuuliza, anatoa sababu tatu kwa pumzi moja: nafasi, pesa, na aibu ya kuweka kitu asichokitazama. Inafaa zitenganishwe, kwa kuwa kila moja ina njia yake.

Nafasi hutajwa kwanza, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Albamu 5 na sanduku la viatu hukaa kwenye rafu moja ya sentimita 50. Anayehama na meza ya watu wanane hawezi kusema stempu ndizo zilizomjazia nyumba. Pesa ni sababu ya kweli ikiwa ina tarehe. Deni la mwezi ujao linamlazimisha kuuza kwa mfanyabiashara anayelipa papo hapo, hata kama bei ni ya chini. Pesa isiyo na tarehe haimlazimishi kitu. Kwake haina tarehe. Inabaki aibu, na hii ndiyo inayomsukuma hasa. Ni sababu ya hatari kwa muuzaji yeyote, maana mtu anayetaka kutua mzigo hushukuru kwa bei yoyote atakayopewa.

Ipo sababu ya nne ambayo hakuitaja, na kwa maoni yetu ndiyo nzuri kuliko zote: anayejua habari za vitu hivi bado yu hai. Akiuza yeye, bahasha zitakwenda na maelezo, meli gani, mwaka gani, nani alimwandikia nani. Wakija kuuza wanawe miaka 30 baadaye, zitakuwa karatasi kuukuu tu.

Vya kubaki huchaguliwa kabla bei haijasikika

Mpangilio huu ndio wenye uzito kuliko hatua nyingine yoyote katika kisa hiki. Kabla ya kuuliza bei ya hata stempu moja, akae na albamu peke yake na atoe vya kubaki. Kikomo kiwekwe mapema: ukurasa mmoja wa mifuko, stempu zisizozidi 40, pamoja na kitu kimoja kisicho stempu. Bei ikishasikika, jicho halirudi lilivyokuwa. Stempu aliyoibadilisha kwa gololi kumi inageuka takataka kwa sababu haina thamani, na ile ambayo hakuwahi kuijali inageuka hazina ya ukoo.

Alichagua 31. Seti ya roketi. Kipepeo mmoja mwenye pembe iliyochanika. Stempu ya Ujerumani ya mwaka 1923, wakati wa mfumuko mkubwa wa bei, yenye thamani iliyoandikwa ya Mark bilioni 50, ambayo alipokuwa na miaka 9 ilimfanya aamini ni tajiri. Na ukurasa wa kwanza wa albamu ya kwanza, wenye jina lake kwa mwandiko wa mtoto.

Baadaye ilionekana kwamba zote 31 kwa pamoja hazingenunua hata pakiti mpya ya mifuko ya kuhifadhia. Ndivyo ilivyo kwa mikusanyiko mingi ya utotoni: kumbukumbu na pesa hazikai ukurasa mmoja. Watoto walikusanya kilichopatikana kwa wingi na chenye rangi kali, na kilichopatikana kwa wingi jana bado kipo kwa wingi leo. Kwa hiyo kubaki na kumbukumbu hakugharimu karibu chochote, na ule ugomvi wa "niuze au nisiuze" unapungua nusu.

Tazama jambo moja: kutoka kwenye sanduku la babu hakuchagua kitu. Tutalirudia.

Kufungua gunia

Mali bila daftari hupotea bila habari. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kibano cha stempu chenye ncha bapa (kile cha nyusi kina ncha kali na meno, kitatoboa), lenzi inayokuza mara 10, kipimo cha meno (yale meno ya ukingo wa stempu yanayoachwa na vitobo), trei ndogo nyeusi, na daftari. Mikono iwe mikavu, meza isiwe na chai. Jasho la vidole halionekani siku hiyo. Huonekana baada ya miaka kama doa la kahawia kwenye gundi.

Kupanga tu, bila kutafuta bei, huchukua dakika 12 hivi kwa ukurasa wa stempu 40. Kurasa 105 ni saa 21. Hakuna mtu anayemaliza hilo kabla ya Jumamosi akiwa na kazi na mizigo ya kuhama, na hilo peke yake linatosha kuikataa tarehe ya mnunuzi.

Mafungu yalitoka hivi. Stempu 2,600 zilikuwa za oda. Hizi zinahitaji maelezo kwa sababu ndizo zinazodanganya wengi. Serikali kadhaa za Ulaya Mashariki baada ya Vita Kuu ya Pili, na falme ndogo za Ghuba kama Ajman na Fujeira katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilitoa stempu kwa ajili ya wakusanyaji na kuziuza zikiwa zimekwisha kugongwa muhuri. Hazikuwahi kubeba barua. Zitambue kwa muhuri nadhifu wa robo duara kwenye pembe, mara nyingi mahali palepale kwenye kila stempu ya seti, ilhali nyuma gundi yake bado ni nzima. Hakuna barua inayosafiri na stempu isiyolambwa. Wanyama, meli, wanaanga, michoro ya Olimpiki: nyingi ni hizi, na ziliingia kwa watoto kupitia pakiti za "stempu 500 za dunia nzima".

Stempu 1,150 zilikuwa za kawaida zilizotumika. Nyingine 310 hazijatumika na zina gundi. Nyingine 96 ni za kabla ya mwaka 1900 au za miongo michache baada yake. Zilizobaki 44 zimeharibika: meno yamekatika, zimekunjwa, zimepauka, au zimeota madoa ya kutu ya ukungu.

Hizo 310 ndizo zilizonusurika kuharibiwa na mwenyewe. Stempu 190 kati yake zilibandikwa kwa bawaba, vile vikaratasi vidogo vya gundi vya kushikizia stempu kwenye ukurasa, na akaanza kuzibandua ili "zisafike". Bawaba nzuri hubanduka ikiwa kavu kabisa. Ya zamani iliyolowanishwa mno hung'oka na tabaka la karatasi ya stempu. Hapo hubaki sehemu iliyokonda, ambayo mbele haionekani lakini ukiinua stempu kwenye mwanga inapenya kama dirisha. Stempu yenye bawaba imepoteza sehemu ya bei yake. Iliyokonda imepoteza karibu yote. Ziachwe zilivyo.

Nyingine 17 zilikuwa zimeng'ang'ania ukurasa. Albamu zililazwa moja juu ya nyingine kwa miaka 30, uzito ukakandamiza, unyevu ukalainisha gundi. Albamu husimama wima kama vitabu, mahali pa baridi kiasi, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 50 sana. Ukipita 65 kwa muda mrefu ukungu huanza. Kuzibandua kwa kisu ni kosa. Kinachofaa ni chombo chenye mfuniko, sponji lenye maji chini, kitu cha kuinua stempu isiguse maji, na subira ya saa kadhaa huku ukichungulia. Gundi itavurugika kidogo, picha itapona. Maji yenyewe, dakika 15 hadi 20 ya vuguvugu, ni ya stempu zilizotumika tu, na hata hizo si zote: wino wa zambarau wa zamani huyeyuka, na bahasha nyekundu hutoa rangi ikapaka kila kilichomo bakulini.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii. Stempu za kisasa zisizotumika huenda bado zinafaa kulipia barua. Marekani inakubali karibu stempu zake zote za tangu 1861. Uingereza, kwa upande mwingine, ilifuta stempu za kawaida za sura ya mtawala zisizo na msimbo wa mistari (barcode) baada ya Julai 31, 2023, lakini zile za kumbukumbu zilizotolewa baada ya mabadiliko ya sarafu ya 1971 zinaendelea. Za Ujerumani zenye thamani ya Mark pekee zilikufa katikati ya 2002. Kwa fungu kubwa la stempu zilizo hai, bei ya mnunuzi hupimwa kwa thamani iliyoandikwa na kupunguzwa, katalogi (kitabu cha orodha ya stempu na bei zake) haihusiki.

Bei ya katalogi

Katalogi zinazotegemewa zaidi ni nne: Scott ya Marekani, Stanley Gibbons ya Uingereza, Michel ya Ujerumani na Yvert et Tellier ya Ufaransa. Chagua ile ya nchi ambayo stempu zako nyingi zinatoka, na utaje jina lake unapoandika namba, kwa kuwa namba 45 ya Scott si namba 45 ya Michel.

Kosa kubwa la kisa hiki lilifanyika hapa. Alihesabu: stempu 4,200, hakuna hata moja yenye bei ya sifuri kwenye katalogi, kwa hiyo jumla yake ni pesa nyingi. Si hivyo. Katalogi huweka kima cha chini kwa kila stempu, na kima hicho hufidia kazi ya mfanyabiashara ya kuitafuta, kuitambua, kuiweka kwenye mfuko na kukuuzia moja. Ukiwa na stempu 3,750 za kima cha chini huna mara 3,750 ya kima hicho. Una kitu kinachouzwa kwa uzito, kwa kilo. Bei za juu ya kima nazo ni za dukani, kwa stempu safi iliyo katikati ya meno yake. Iliyochapwa ikaegemea upande mmoja, au yenye jino fupi pembeni, hushuka haraka.

Umri pia haumsaidii. Stempu ya kwanza duniani, Penny Black ya Mei 1840, ilichapishwa zaidi ya nakala milioni 68. Haina meno, makarani waliikata kwa mkasi kutoka karatasi ya stempu 240, na bei yake inategemea kama mkasi uliacha ukingo pande zote nne. Yenye kingo nne na yenye kingo mbili ni stempu ileile yenye bei zilizoachana mbali.

Kati ya zile 96 za zamani, moja ilimkosesha usingizi. Picha ileile ipo kwa meno ya aina mbili: aina moja ya bei ya mchicha, nyingine adimu. Meno huhesabiwa kwa sentimita 2. Weka stempu kwenye kipimo mpaka kila kitobo kikutane na nukta yake. Ya kwake ilikubaliana na ile adimu, upande mmoja tu. Chini ya lenzi vitobo vya upande huo vilikuwa visafi mno, na ukingo umenyooka kuliko pande nyingine tatu: ilikatwa ikatobolewa upya, pengine kabla hajazaliwa. Kwenye trei nyeusi, stempu ikilazwa kifudifudi na kudondoshewa majimaji ya kuonyeshea alama ya maji (ile iliyofichwa ndani ya karatasi), ikatokea pia pembe iliyokonda. (Majimaji hayo hushika moto, dirisha liwe wazi, na yasitumiwe kwenye stempu ambazo wino wake huyeyuka, hasa zile za uchapaji wa fotogravua.)

Je, angeipeleka kwa wataalamu ipate cheti? Royal Philatelic Society London hutoa vyeti hivyo, na huko New York wapo Philatelic Foundation. Ada hulipwa hata jibu likiwa "si halisi", na majibu huchukua wiki au miezi. Kanuni yetu ni kutolipia cheti isipokuwa thamani inayotarajiwa inafika angalau mara tano ya ada, na wewe mwenyewe umeshindwa kuona kasoro. Hapa kasoro imeonekana. Upo upande wa pili wa jambo hilo: zile stempu za Ujerumani za 1923. Zisizotumika zimejaa tele, kwa sababu zilipitwa na mfumuko kabla hazijauzwa, na zilizotumika kweli wakati ule ndizo zenye thamani. Matokeo yake watu wamegonga mihuri ya bandia kwa miongo kadhaa, na iliyotumika bila uthibitisho wa mtaalamu hulipwa kama isiyotumika. Ile ya bilioni 50 aliyoiweka kando ina muhuri. Isipelekwe popote, imeshapata kazi yake.

Sanduku

Mnunuzi alilitazama juu juu, mtoto hakulijali, babu mwenyewe alisema likatwe. Mkasi ungeua karibu thamani yote.

Bahasha nzima hununuliwa na watu tofauti na wanunuzi wa stempu. Wao hulipia safari: ilitoka wapi, ilipita wapi, ililipiwa kiasi gani, nani aliikagua. Bahasha 38 za babu zilikuwa na neno PAQUEBOT. Hiyo ni alama ya barua iliyotiwa posta ndani ya meli, ikabeba stempu ya nchi ya bendera ya meli, na muhuri ukagongwa kwenye bandari ya nchi nyingine. Stempu ya taifa moja chini ya muhuri wa taifa jingine, na vyote ni halali. Ukiikata, unabaki na stempu ya kawaida yenye muhuri ulionusurika nusu. Bahasha nyingine 22 ni za wakati wa vita: ukingo umekatwa, ukafungwa upya kwa kibandiko cha mkaguzi chenye namba yake. Kibandiko kile watu hukibandua kwa kudhani ni uchafu.

Kila bahasha iingie kwenye mfuko wa poliesta. Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu ya plastiki mpya, hutoa kemikali inayolainisha wino na baada ya miaka huufanya unate. Usinyooshe kwa pasi, usizibe mpasuko kwa gundi ya utepe, usiandike namba kwa kalamu ya wino. Penseli laini, kwenye mfuko wala si kwenye bahasha.

Halafu swali la dada. Barua hizi ziliandikiwa bibi. Babu alimpa mjukuu, kwa mdomo, stempu. Je, alimpa pia barua? Wala haihitaji wakili. Kinachohitajika ni kikao kimoja na karatasi moja iliyosainiwa na kila mwenye haki, ikitaja bahasha zipi zinauzwa na mapato yanagawanywaje. Bila karatasi hiyo, mnada wenye kujiheshimu unaweza kulitoa fungu dakika ya mwisho malalamiko yakifika, na ugomvi wa ndugu hauna ada ya kuufuta.

Dada alizisoma zote kwa siku tatu. Kila barua iliskaniwa pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi, bahasha na kilichomo vikiwa na namba moja. Mara nyingi mkusanyaji hulipia bahasha kwa nje, kwa hiyo familia inaweza kubaki na karatasi ya ndani. Isipokuwa barua za ndege zinazokunjwa zikawa bahasha zenyewe: hizo hazitenganishwi, ni kuuza yote au kubaki na yote. Waliondoa bahasha 40. Mwenye mali, ambaye hapo mwanzo hakuchagua hata moja, alichukua sita baada ya kuzisoma.

Ofa ya Jumamosi

Bei ya jumla si lazima iwe wizi. Mfanyabiashara atakaa na stempu 3,750 za bei ya kilo, atalipa pango, na nyingine hataziuza kamwe. Akilipa nusu ya kile atakachopata, au chini yake kidogo, hajamdhulumu mtu. Tatizo lake liko kwingine: haionyeshi imebebwa na nini.

Mwombe aonyeshe vitu kumi vinavyobeba bei yake. Mnunuzi mzuri ataonyesha, kwa kuwa anajua utarudi kwake na vingine. Huyu alionyesha sita kwenye albamu. Kuhusu sanduku alisema ni nyongeza tu. Ombi la pili: bei ya albamu bila sanduku. Ofa ya mwanzo ilikuwa 1,000 (chukua fedha yoyote uipendayo). Bila sanduku ikawa 850. Basi bahasha 140 zilithaminiwa 150.

Tahadhari mbili kabla ya kuendelea. Mkusanyiko usitoke nyumbani "kwenda kutazamwa" bila picha ya kila ukurasa na orodha iliyosainiwa. Stempu moja nzuri hubadilishwa kwa mbovu inayofanana nayo kwa sekunde mbili. Pia usichomoe vizuri vyote kisha ukatangaza albamu kama "mkusanyiko kamili". Mnunuzi huona nafasi tupu palipokuwa na bawaba, na bei ya mifupa ni ya mifupa. Zile 31 zilizotolewa zilitajwa wazi, na hazikubadilisha kitu.

Hesabu za njia nyingine

Kuuza moja moja mtandaoni ndiko kunakolipa zaidi kwa stempu na ndiko kunakolipa vibaya zaidi kwa saa. Kupiga picha mbele na nyuma, kueleza kasoro, kujibu maswali na kufunga kwenye kadibodi ngumu huchukua dakika 20 kwa kila kitu kikienda sawa. Vitu 60 ni saa 20, kabla ya wanaorudisha. Chini ya bei fulani, isiyofidia dakika hizo, usianze.

Mnadani, bei inayosikika si bei inayofika mkononi. Nyundo ikigonga 1,000, nyumba ya mnada inayokata asilimia 15 kwa muuzaji inachukua 150, picha na bima tuseme 30, unapata 820. Mnunuzi naye analipa asilimia 20 juu, yaani 1,200, na kwa kuwa anajua hilo, aliipunguza kichwani kabla ya kuinua mkono. Kati ya 1,200 alizotoa, wewe umepata 68 kwa mia. Malipo huja wiki kadhaa baada ya mnada, na kutoka kukabidhi hadi kulipwa tarajia miezi 4 hadi 9. Uliza kwa maandishi mambo matatu: ada ya fungu lisilouzwa, nani analipa usafiri wa kurudisha, na bima inaanza mali ikiwa wapi. Kisha uweke bei ya chini ya kila fungu. Ikiwekwa juu mno, hakuna anayeanza kutaja.

Ilivyoamuliwa

Albamu zilikwenda kwa mnunuzi yuleyule kwa 850, wiki tano baada ya Jumamosi yake. Hakuwa ameondoka, ni wachache sana wanaoondoka. Kipo kipingamizi cha haki hapa: je, zile stempu sita zisingeuzwa peke yake kwa zaidi? Pengine kidogo. Lakini bila hizo sita albamu zilizobaki hazikuwa na mnunuzi, na tatizo la kabati lingebaki juu ya kabati.

Bahasha 100 zilipelekwa kwenye mnada wenye kitengo cha historia ya posta, zikiwa zimegawanywa mafungu 5: za meli mawili, za ukaguzi wa vita moja, za ndege moja, na mchanganyiko. Kila fungu liliambatana na ukurasa mmoja wa maelezo: jina la meli pale lilipojulikana, cheo cha babu, miaka. Mkuu wa mnada aliyatumia karibu neno kwa neno kwenye orodha.

Mafungu 4 yaliuzwa, nyundo jumla 1,900. Kamisheni 285, picha na bima 60, zikabaki 1,555. Pamoja na albamu ni 2,405, mahali pa 1,000 ya mwanzo, kwa miezi saba na saa 40 hivi za kazi. Nyongeza ya 1,405 kwa saa 40 ni 35 kwa saa. Aliye na deni la mwezi ujao angefanya sawa kabisa kuchukua 1,000.

Fungu la tano, ule mchanganyiko wa bahasha 17, halikupata mtu. Nyumba ya mnada ilishauri bei ya chini ipunguzwe kwa asilimia 20 na lirudishwe mnada ujao. Dada alisema lirudi nyumbani. Limesimama wima kwenye rafu yake, ndani ya mifuko ya poliesta, na ada ya kulirudisha alilipa yeye.